Alionywa, Akakataa

Katika faili la kamati ya maafa ya kitongoji chetu kuna karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, na ndani yake mna sentensi hii: "Marehemu Mwantumu binti Sadala, miaka sabini na mbili, alionywa kwa wakati, akakataa kuondoka." Hakuna neno la uongo hapo. Alionywa, ni kweli. Wakati ulikuwepo, ni kweli. Akakataa, ni kweli kabisa na mashahidi wapo. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma tangu nimalize darasa la saba, na kila nikiisoma uso unaniwaka, kwa sababu aliyemwonya ni mimi, na aliyemfanya akatae ni mimi huyo huyo.

Naitwa Castory. Babu yangu aliletwa Korogwe kutoka Tabora enzi za manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, akazikwa hapa hapa kambini. Shamba lilipokufa wenyewe wakaondoka, sisi tukabaki na nyumba zao za mstari, mitaro yao, na kipande cha reli kinachoning'inia kwenye nguzo pale uwanjani, ambacho zamani kiligongwa alfajiri kuwaamsha wakata mkonge. Siku hizi tunalima mahindi, wengine wana vibanda vya biashara, wengine vibarua. Kwetu ni hapa, hatuna kwingine. Lakini Mnyamwezi ni Mnyamwezi, na Mzigua ni mtani wake, na hilo halikufa na shamba.

Mwantumu alikuwa Mzigua wa Handeni ndani kabisa, aliyeolewa huku, akafiwa na mume, akabaki. Nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile nane zilizo karibu na korongo. Kwa umri angeweza kunizaa, na bado kwa miaka ishirini na kitu sikuwahi kumpa shikamoo hata moja. Mtani haamkiwi. Mimi nilimwita mtumwa wa babu yangu, yeye akiniita mpagazi. Nilikuwa naingia kwake bila hodi, nafunua chungu, nachota ninachotaka. Yeye alikuwa akipita kwangu akikamata kuku mchana kweupe, huku mke wangu Rosa akiuma midomo, maana kwao Rosa utani hauendi mbali hivyo. Ukimkasirikia mtani wako umeshindwa, basi. Hiyo ndiyo sheria yenyewe, na sote wawili tuliijua.

Na mimi, niseme tu, nilikuwa bingwa. Kwenye misiba watu walikuwa wakiuliza kama Castory amefika kabla hawajauliza kama kaburi limechimbwa. Sikuwa na shamba kubwa wala cheo, nilikuwa na mdomo. Ndiyo maana kamati ya maafa ilipoundwa walinichagua kwa kelele zote, niwe katibu na pia mgonga reli. Walisema sauti yangu inafika mpaka Mombo.

Januari ile joto lilikuwa la kukaanga mtu. Bi Catherine, afisa aliyetumwa kutufundisha, alitukusanya darasani kwenye shule ya msingi, juu mwinukoni, watu kumi na wawili tukijipepea kwa madaftari. Alianza na joto lenyewe: watu wasilime kati ya saa sita na saa tisa, wazee wanywe maji hata kama hawana kiu, watoto wafutwe kwa kitambaa kibichi, mbuzi wasifungwe juani. Halafu akaja kwenye masika. Mabati yapigiliwe misumari upya na yale mawe tunayoyaweka juu ya paa yaondolewe, maana upepo ukiliangusha jiwe linaua. Radi ikianza, mtu asijikinge chini ya mti. Vyeti na kadi za kliniki zifungwe kwenye mfuko wa nailoni, ukae karibu na mlango. Mitaro ya shamba, ambayo nusu yake tulikuwa tumeshaifukia tukapanda viazi, izibuliwe yote.

"Na korongo," akasema, "msiliangalie kwa mvua ya hapa kwenu. Angalieni mlimani. Huko Usambara inaweza kunyesha, ninyi hapa mnaanika mahindi juani, na maji yakawafikia hamjaona hata wingu."

Ikapangwa hivi. Sharifu, fundi baiskeli anayekaa karibu na daraja la juu, atapiga simu akiona maji yamebadilika. Simu inakuja kwangu. Nagonga reli, watu wanapanda shuleni, na mimi napita zile nyumba nane za korongoni mlango kwa mlango mpaka nihakikishe hamna mtu ndani. Mwezi wa tatu tufanye zoezi.

"Zoezi kila kaya iambiwe siku moja kabla," alisema Bi Catherine. "Kila kaya. Bwana Castory, umeandika?"

"Nimeandika."

Niliandika kweli. Liko kwenye daftari.

Februari tulizibua mitaro wiki mbili nzima, na Mwantumu alituletea uji kila asubuhi kwenye ndoo, akiubeba mwenyewe kichwani, akitutukana kwamba Wanyamwezi wanajua kubeba tu, kuchimba hawajui. Alimlipa fundi akapigilia bati zake. Mfuko wake wa nailoni ulikuwa tayari kabla ya wa mtu mwingine yeyote, pamoja na cheti cha ndoa na picha ya mumewe. Nilimkuta anaufunga. "Mimi nikisikia chuma nakimbia," aliniambia, "sina wa kumsubiri." Nataka hilo lijulikane. Alikuwa wa kwanza kuwa tayari, kabla yangu mimi katibu.

Siku ya kuamkia zoezi nilizunguka nyumba zote kutangaza. Kwa Mwantumu nilimkuta anafagia uwanja. Nikakaa, nikala muhogo wake, tukatukanana kidogo, nikaaga. Sikumwambia. Wala sikusahau. Wazo lilinijia nikiwa nachovya muhogo kwenye chumvi, nikaliona tamu, nikaondoka nalo.

Jumamosi saa nne nikagonga reli. Watu walipanda kilima polepole kama wanaokwenda sokoni, wengine na karanga zao mkononi. Tulikuwa tumeshakaa ndipo akatokea. Alikuja mbio, yule mama wa miaka sabini na mbili, godoro kichwani, jogoo kwapani, mfuko wa nailoni shingoni, khanga moja imebaki njiani. Pale penye mteremko wa changarawe aliteleza, akaangukia goti, akainuka na godoro lake. Hakuna aliyekwenda kumpokea. Wote walikuwa wamenigeukia mimi, maana walishaelewa ni kazi ya nani, na walikuwa wanasubiri neno.

Nikawapa. "Jamani, mtumwa wa babu kaleta godoro! Nani kamwambia nimechoka?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bi Catherine hakucheka. Mwantumu alisimama akihema, akaangalia watu, akaangalia karanga, halafu akaniangalia mimi. Nilimwona macho yake kabla hajaanza kucheka. Alikuwa kama mtu aliyekanyagwa mguu kwenye kundi na anajua itabidi aseme si kitu. Kisha akacheka, tena kwa sauti, kama inavyotakiwa.

"Haya, mpagazi, leo umenipata," akasema. "Hunipati mara ya pili."

Goti lilivimba siku tatu. Ijumaa iliyofuata alikuja kwangu akichechemea, akabeba sufuria yangu kubwa, faini ya mtani, mbele ya Rosa, akaenda nayo. Watu wakasema mechi sasa ni moja moja. Bi Catherine aliniita pembeni, akaniambia nimeharibu. Nilimwona mtu wa mjini asiyejua mila.

Mwezi wa nne, siku ya Jumatano saa nane mchana, jua lilikuwa kali na hakukuwa na wingu juu yetu. Mlimani tu kulikuwa na giza, lakini mlimani kuna giza kila siku. Simu ikalia. Sharifu alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake nilisikia mngurumo kama wa malori.

"Castory, yamepita juu ya daraja! Yamebeba magogo! Mna nusu saa, au hamna!"

Nikakimbilia uwanjani, nikagonga reli mpaka mikono ikafa ganzi. Watu walitoka, wakaangalia juu, wakaona jua, wakaniangalia usoni. Nadhani uso wangu siku hiyo ulisema kweli, kwa sababu walianza kupanda. Nikashuka korongoni. Nyumba ya kwanza, wametoka. Ya pili, ya tatu, wanatoka. Nikafika kwa Mwantumu.

Alikuwa barazani kwenye mkeka, miguu ameinyoosha kwa ajili ya lile goti lililokuwa bado linamuuma, anapukuchua mahindi. Mfuko wa nailoni ulikuwa umening'inia kwenye msumari karibu na mlango. Alikuwa amesikia chuma, bila shaka alikuwa amekisikia.

"Mtani, toka! Maji yanakuja!"

"Maji gani, na jua hili?" Hakuinua hata kichwa. "Nilikuambia hunipati mara ya pili. Nenda kamtafute mjinga mwingine."

"Mwantumu, safari hii ni kweli. Naapa!"

"Wewe ulishaapa kwamba babu yako alikuwa chifu." Akatupa gunzi pembeni. Jirani yake Emiliana alikuwa anapita na mzigo kichwani, na nyuma yake watu wengine wanne watano, wote wakapunguza mwendo kidogo wasikie. Mwantumu akaona ana watazamaji. Akaniangalia, akatabasamu, na sauti yake ikapungua. "Haya. Kama ni kweli, niamkie."

Hebu nieleze vizuri hapa. Hakuwa anatania, au alikuwa anatania nusu na nusu anauliza. Mtu akimwamkia mtani wake ujue utani umewekwa kando, limekuja jambo. Sisi wawili tulilijua hilo. Alikuwa ananipa njia. Neno moja tu, shikamoo, angenyanyuka pale na goti lake na mfuko wake, na ningemshika mkono.

Watu walikuwa wanasubiri. Na mdomo wangu ulishapata jibu kabla sijaamua lolote.

"Nikuamkie?" nikasema. "Tulia hapo hapo, maji yenyewe yanakuja kukuamkia!"

Emiliana alicheka mpaka akashika mzigo usianguke. Mwantumu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanirushia gunzi, likanipiga kifuani. Nami nikakimbia kwenda nyumba inayofuata, na nikiwa nakimbia nilikuwa natabasamu. Ningependa kusema nilidhani atafuata. Sikudhani chochote. Nilikuwa nimefurahi kwamba nimejibu vizuri.

Nyumba ya mwisho alikuwemo mzee Mhina, ambaye miguu yake haifanyi kazi. Nilimbeba mgongoni. Tulipofika nusu ya kilima nikasikia ule mngurumo, si wa simuni tena. Nikageuka. Maji yalikuja yamesimama kama ukuta, rangi ya udongo, yakisukuma magogo na visiki vya mkonge mbele yake, na jua linayawakia. Nilimtua mzee Mhina kwenye majani nikaanza kushuka. Mwantumu alikuwa amesimama juu ya kiti barazani, ameshika nguzo, mfuko shingoni.

"Castory!" aliita. "Castory, mwanangu!"

Hakuniita mpagazi. Miaka yote ile sikuwahi kusikia jina langu kinywani mwake. Nilikuwa nimeingia majini mpaka kiunoni ndipo wanaume wakanikamata mikono wakanivuta nyuma, na nguzo ikaondoka, na baraza, na ile nyumba ya udongo ikakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Tulimpata kesho yake asubuhi, kilomita mbili chini, kwenye mistari ya mkonge wa zamani. Mfuko ulikuwa bado shingoni na cheti kilikuwa kikavu.

Binti yake Husna alikuja kutoka Kwamsisi, alikoolewa. Nilikuwa nimejificha nyuma ya watu, lakini alinitafuta. Alinishika mikono yote miwili akilia. "Nimeambiwa ulimfuata mpaka mlangoni," akasema. "Nimeambiwa alikataa. Utusamehe, mtani. Mama alikuwa mbishi, alikuponza, na wewe nusura ufe kwa ajili yake." Nilifungua mdomo. Emiliana alikuwa amesimama pale pale, akatazama chini. Husna akafuta machozi, akasema, "Sasa fanya kazi yako. Asizikwe kama mtu asiye na watani."

Nikaifanya. Mungu ananiona. Walipotoa jeneza nilijilaza njiani mbele yake, nikasema mtu hapiti hapa mpaka sufuria yangu irudi. Watu walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa, na Husna akacheka, na waliobeba jeneza wakaniruka. Rosa peke yake aliondoka akarudi nyumbani. Usiku ule hakuniuliza kitu, na hajaniuliza mpaka leo.

Wiki iliyofuata nikaandika taarifa. Nilijaribu sentensi nyingine mbili, nikazifuta. Hiyo ya tatu ilikuwa fupi na hainihusu.

Basi ikakaa hivyo mpaka Oktoba. Bi Catherine alinipigia simu akasema Handeni wanaunda kamati zao kabla ya vuli, na anataka mtu wa kuwaeleza jinsi kitongoji chetu kilivyookoa watu zaidi ya mia mbili kwa kipande cha reli. Nilisifiwa kwenye simu mpaka nikaona aibu hata kushika simu yenyewe. Nikamuuliza ni wapi. Akasema Kwamsisi. Nilitafuta kisingizio, mgongo, shamba, homa, na vyote vikanikwama.

Nilishuka kwenye bodaboda nikakuta watu wamejaa darasani, Wazigua karibu wote, wamekuja kwa miguu na baiskeli. Habari zilishaenea kwamba mgeni ni Mnyamwezi. "Mpagazi huyo!" mmoja akapaza sauti dirishani. "Mzigo uko wapi?" Aliyepaza sauti alikuwa Husna. Alikuwa kwenye kamati yao, ameshika daftari, na alinikaribisha kwa vicheko kama mama yake alivyokuwa akifanya. Nilijibu nini sikumbuki. Nilikaa mbele, kwenye kiti cha mwalimu, na jasho likanitoka ingawa madirisha yalikuwa wazi.

Bi Catherine alieleza mambo yote vizuri, joto, mabati, radi, mitaro. Kisha akasema, "Tatizo letu kubwa linabaki kuwa wazee wabishi. Kule Korogwe tulipoteza mtu mmoja tu. Bibi mmoja. Alionywa kwa wakati, akakataa kuondoka." Alikuwa anasoma. Ilikuwa sentensi yangu, na hakujua binti wa huyo bibi ameketi benchi la pili.

Mtu mmoja akasema, "Ndivyo walivyo." Wengine wakaguna kukubali. Husna alikuwa ameinamisha kichwa. Halafu akasimama.

"Huyo bibi ni mama yangu," akasema. "Sikatai. Naona haya, lakini sikatai. Alituaibisha, akamhatarisha mtu aliyekwenda kumwokoa, na mtu huyo ni huyu hapa. Nilimwomba radhi msibani, leo namwomba tena mbele yenu. Mtani, utusamehe."

Aliinamisha kichwa mbele yangu, mbele ya watu wa kijijini kwake. Nilishindwa. Sikusimama kwa ushujaa, nilisimama kwa sababu kile kiti kilikuwa kinanichoma.

"Hakuwa mbishi," nikasema. "Mama yako ndiye aliyekuwa tayari kuliko sisi wote. Mimi ndiye niliyemuua."

Mtu akacheka kwa nyuma. "Mpagazi kaanza!"

"Sitanii," nikasema.

Wakacheka zaidi. Nikawaeleza zoezi, jinsi nilivyokula muhogo wake nikamficha, na godoro, na jogoo kwapani. Nilikuwa naeleza kama mtu anayetoa ushahidi, na wao walikuwa wanapigana mabega kwa kicheko, kwa sababu kwa kweli inachekesha, na kwa sababu Mnyamwezi amesimama mbele ya Wazigua na hawakujua kumsikiliza kwa namna nyingine. Nikafika barazani. Nikasema aliniambia nimwamkie. Nikasema, "Na mimi nikamjibu kwamba atulie hapo hapo, maji yenyewe yanakuja kumwamkia."

Darasa zima lililipuka. Mzee mmoja alipiga meza kwa kiganja. Nilisimama nikisubiri kicheko kiishe, machozi yananitiririka, na wengine walidhani hata hayo machozi ni sehemu ya mchezo. Husna hakucheka. Alikuwa ananitazama mdomo tu, kama mtu anayesoma.

"Nyamazeni," akasema. Hakupaza sauti. "Nyamazeni, hatanii."

Walinyamaza benchi moja moja, mpaka yule mzee wa meza. Nje nilisikia mbuzi. Bi Catherine alikuwa ameshusha karatasi yake.

"Alipokuambia umwamkie," Husna akauliza, "alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anatabasamu. Lakini alikuwa anauliza."

"Na ungemwamkia?"

"Angetoka."

Kisha akafungua daftari lake, akachana ukurasa, akaniletea pamoja na kalamu. "Andika," akasema. Bi Catherine alisema kwa upole kwamba taarifa ilishapelekwa mkoani, ila ya nyongeza inaweza kupokelewa. Nikaandika juu ya meza ya mwalimu, watu arobaini wakiniangalia mkono. Niliandika: "Marehemu Mwantumu binti Sadala alikuwa amejiandaa kabla ya wote. Hakuambiwa siku ya zoezi, alidanganywa ili achekwe. Siku ya mafuriko aliomba aonywe kwa heshima, na mwonyaji, Castory, akamtania." Nikatia sahihi. Husna aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari.

Somo likaendelea. Wakapanga wa kugonga chuma chao, na siku ya zoezi lao. Mtu mmoja akauliza kama mtani anaruhusiwa kuwa mgonga chuma, na hakuna aliyecheka.

Baadaye kikaletwa chakula. Nilikaa pembeni, sikutaka kula. Kwenye chakula cha watani mimi huwa sikaribishwi, huvamia. Natia mkono kwenye sinia la wenzangu, nachagua mnofu, wananipiga mikono na matusi yanaruka. Siku hiyo nilisubiri walau mtu mmoja aninyang'anye kiti.

Husna alikuja na jagi la maji na beseni. Alikuwa amejifunga khanga vizuri kichwani. Alipiga goti moja mbele yangu, kama wanavyofundishwa mabinti kumnawisha mgeni, akanyoosha jagi kwa mikono miwili.

"Karibu unawe, mzee," akasema.

"Husna," nikasema. "Nitukane. Nakuomba. Hata neno moja."

"Maji ni ya uvuguvugu, mzee. Karibu."

Nikanyoosha mikono. Alinimiminia taratibu mpaka ikatakata, akanipa kitambaa, akaniletea ugali na kidari, sehemu ya mgeni wa heshima, akarudi nyuma hatua mbili na kusimama pale, macho chini, akisubiri nimalize.